Ukikamatwa Marekani: hatua kwa hatua, kuanzia taa za polisi hadi karatasi ya mwisho

Mzee mmoja niliyemtafsiria mahakamani alitiwa matatani na neno "pole". Gari lake lilimgusa mwendesha baiskeli kwenye makutano ya barabara. Akashuka, akamkuta kijana amekaa chini ameshika goti, akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akampa pole. Kiingereza hakina neno la namna hiyo, kwa hiyo akasema "I'm sorry", tena mara tatu. Afisa wa polisi akaandika kwenye ripoti kwamba dereva amekiri. Kwetu unampa pole mfiwa, na hakuna anayedhani wewe ndiye uliyeua.

Ukalimani wa Kiswahili kwenye mahakama za kaunti ndiyo kazi yangu. Mimi si wakili, na maelezo haya hayachukui nafasi ya wakili. Ninachokijua ni njia inayopita kesi ya jinai na mahali watu wetu wanapoteleza, wawe Lexington, Houston, Des Moines au Portland ya Maine. Mara nyingi wanateleza kwenye maneno.

Hatua ya kwanza: jua anayekushtaki ni nani

Marekani haina mfumo mmoja wa jinai. Kila jimbo kati ya yale 50 lina sheria zake, mahakama zake na magereza yake. Kando yake ipo serikali ya shirikisho, yaani ile ya nchi nzima, nayo ina wilaya 94 za mahakama. Kesi nyingi mno ni za majimbo: kupigana, wizi wa dukani, kuendesha gari umelewa, mauaji. Shirikisho hushughulika na mambo kama kughushi pasipoti, makosa ya uhamiaji, ulaghai wa benki na dawa za kulevya zinazovushwa mipaka. Tendo moja linaweza kushtakiwa kote kuwili, na Mahakama ya Juu ilirudia kulithibitisha hilo mwaka 2019 katika kesi ya Gamble.

Makosa yamegawanyika mafungu mawili makubwa. Misdimina ni kosa dogo, ambalo kwa kawaida kifungo chake hakizidi mwaka mmoja na hutumikiwa kwenye jela ya kaunti iliyo chini ya sherifu, mkuu wa usalama wa kaunti. Feloni ni kosa kubwa, la kupelekwa gereza la jimbo au la shirikisho. Jela na gereza kwa Waswahili ni kitu kimoja. Huko ni nyumba mbili tofauti, na mtu akikuambia ndugu yako yuko "jela", uliza kwanza kama ameshahukumiwa au anasubiri kesi.

Hapa niseme jambo linaloumiza familia nyingi. Mume na mke wamegombana, jirani amepiga 911, namba ya dharura, mume amechukuliwa na polisi. Kesho yake wazee wanakutana sebuleni, wanasuluhisha, mke anasamehe, kisha anakwenda mahakamani kusema kwamba ameifuta kesi. Haifutiki. Kesi imeandikwa kwa jina la jimbo dhidi ya mume, na mke ni shahidi. Mwenye uwezo wa kuiondoa ni mwendesha mashtaka, ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura, na suluhu ya wazee haimbani.

Kibaya zaidi, siku ya kwanza tu hakimu anaweza kutoa amri ya kutowasiliana. Amri hiyo inamfunga mume, haimfungi mke. Mke akikupigia simu kwamba watoto wanakulilia, njoo ule, ukaenda, aliyevunja amri ni wewe. Nimemtafsiria mtu aliyerudishwa ndani kwa sababu ya chakula cha jioni alichoalikwa na mkewe mwenyewe, na sasa alikuwa na kosa la pili juu ya lile la kwanza. Ukipewa amri hiyo, tafuta pa kulala, na mwambie wakili aombe mahakama iilegeze.

Hatua ya pili: barabarani na mlangoni

Polisi akikusimamisha, kaa ndani ya gari, weka mikono juu ya usukani, washa taa ya ndani kama ni usiku. Usishuke kumfuata kwa heshima kama ungefanya kwa trafiki wa nyumbani. Kule kushuka bila kuambiwa kunasomeka kama shari. Akikuamuru ushuke, shuka. Mahakama ya Juu ilimpa mamlaka hayo mwaka 1977. Toa leseni, kadi ya gari na bima. Usiingize mkono mfukoni kabla ya kumwambia unachokwenda kuchukua. Na usitaje jina la uongo: hilo ni kosa jipya, tena la bure kabisa.

Marekebisho ya Nne ya Katiba, yaliyopitishwa pamoja na mengine tisa mwaka 1791, yanakataza upekuzi usio na sababu. Lakini yana milango ya pembeni. Tangu kesi ya Terry ya mwaka 1968, polisi mwenye shaka anayoweza kuieleza anaruhusiwa kukusimamisha, na akihofia una silaha, kukupapasa juu ya nguo. Mlango mkubwa kuliko yote ni ridhaa yako mwenyewe. Afisa anauliza kwa upole: unajali nikiangalia kwenye buti? Sisi tumelelewa kumwitikia mkubwa. "Ndiyo, afande" yetu maana yake ni "nimekusikia", na huyo afande anaihesabu kuwa ruhusa. Ukisharuhusu, hahitaji tena hati ya jaji ya kuruhusu upekuzi.

Jibu linalotosha ni fupi: "Sikubali upekuzi." Liseme bila kupaza sauti, na akipekua hata hivyo usimzuie kwa mkono. Ubishi wa hapo unapelekwa mbele ya jaji baadaye, ambako ushahidi uliopatikana kinyume cha Katiba unaweza kutupwa nje. Kwa kesi za majimbo, kanuni hiyo ilitokana na kesi ya Mapp ya mwaka 1961. Simu nayo ina ulinzi wake: tangu mwaka 2014 polisi wanahitaji hati ya jaji kuifungua na kuisoma, hata kama wamekukamata kihalali. Ukiwapa namba ya siri mwenyewe, umewarahisishia kazi.

Mlangoni, uliza hati, na uone saini ya jaji na anwani yako kabla ya kufungua. Wanaweza kuipitisha chini ya mlango.

Hatua ya tatu: chumba cha mahojiano

Filamu zimetudanganya kwamba polisi asipokusomea haki zako kesi inakufa. Onyo la Miranda, lililotokana na uamuzi wa mwaka 1966, linahitajika pale mambo mawili yanapokutana: umeshikiliwa, na unahojiwa. Lisiposomwa, kwa kawaida kinachopotea ni majibu yako kama ushahidi; kesi yenyewe inaweza kuendelea kwa ushahidi mwingine. Na uliyoyasema barabarani kabla ya kukamatwa, kama ile pole ya mzee wangu, hayakulindwa.

Onyo linasema una haki ya kunyamaza, kwamba utakalosema linaweza kutumika dhidi yako, kwamba una haki ya kuwa na wakili, na kwamba usipoweza kumlipa utapewa. Watu wengi wanadhani basi inatosha kukaa kimya. Haitoshi. Katika kesi ya Thompkins ya Michigan, iliyoamuliwa mwaka 2010, mtuhumiwa alikaa karibu saa tatu akiwa kimya, isipokuwa neno moja moja. Mwishoni mpelelezi akamuuliza kama anamwomba Mungu amsamehe kwa kumpiga risasi kijana aliyeuawa. Akajibu "ndiyo". Neno hilo moja lilitumika kumtia hatiani, na majaji watano kwa wanne wakasema kwamba hakuwahi kutamka kuwa anaitumia haki yake ya kunyamaza.

Kwa hiyo kunyamaza kwa Marekani kunatamkwa. Sema: "Sitaki kuongea. Nataka wakili." Kama Kiingereza ni kigumu, kariri sentensi hii moja tu, "I want a lawyer", kisha funga mdomo. Usiipambe kwa adabu. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu iliamua kwamba aliyesema "labda niongee na wakili" hakuwa ameomba wakili. Ukishaomba waziwazi, mahojiano yanatakiwa kusimama mpaka wakili afike. Lakini ukianzisha mazungumzo mwenyewe baada ya dakika kumi kwa kuwa kimya kinakutesa, mlango umeufungua wewe.

Jua pia kwamba mpelelezi anaruhusiwa kukudanganya. Anaweza kusema rafiki yako ameshakutaja naye hajafungua mdomo. Kauli ya "tusaidie tu tumalize, urudi nyumbani" haimfungi mwendesha mashtaka hata kidogo.

Hatua ya nne: jela na dhamana

Ukifikishwa jela ya kaunti utapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Alama hizo zinakwenda FBI, na kutoka huko mamlaka za uhamiaji zinaziona. Simu za jela zinarekodiwa, na kuongea Kiswahili si kujificha: nimewahi kukabidhiwa saa za mazungumzo nitafsiri. Mpigie ndugu, mwambie uko wapi na namba yako ya mahabusu, mwambie atafute wakili, basi. Habari ya kilichotokea ibaki nawe.

Kama umekamatwa bila hati ya jaji, kwa kawaida hakimu anatakiwa ndani ya saa 48 athibitishe kwamba ipo sababu ya kutosha ya kukushikilia. Kisha linakuja suala la dhamana. Hakimu anaweza kukuachia kwa ahadi yako, kukuwekea masharti kama kifaa cha kufuatilia mguuni, kutaja kiasi cha fedha, au kukataa kabisa.

Tuseme ametaja dola 10,000. Njia ya kwanza ni kulipa zote mahakamani. Ukihudhuria kila tarehe, zinarudi kesi ikiisha, pengine zikiwa zimekatwa ada. Njia ya pili ni dalali wa bondi, ambaye ofisi yake huwa imepakana na jela. Unampa asilimia 10, yaani dola 1,000, naye anakudhamini mahakamani kwa kiasi chote. Hiyo 1,000 hairudi, hata mashtaka yakifutwa kesho yake. Ukikimbia, aliyetia saini, mara nyingi shangazi au mchungaji, anadaiwa zote. Illinois, Kentucky, Oregon na Wisconsin zimepiga marufuku madalali hao, na Illinois iliondoa kabisa dhamana ya fedha Septemba 2023.

Kabla jamaa hawajachangishana, waulize swali moja: je, uhamiaji umeshaweka ombi la kumshikilia? Kama lipo, mnaweza kulipa dhamana asubuhi na jioni ndugu yenu akawa mikononi mwa uhamiaji, huenda katika jimbo jingine. Tangu sheria mpya ya Januari 2025, mtu asiye na hadhi halali anayekamatwa kwa wizi, hata wa dukani, anaweza kuwekwa kizuizini na uhamiaji kabla hajahukumiwa. Wakili wa jinai na wa uhamiaji waongee kwanza, ndipo mtoe fedha.

Mgeni ana haki pia ya ubalozi wake kuarifiwa, chini ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963. Aliyekimbia serikali yake akaomba hifadhi afikirie mara mbili kabla ya kuitumia haki hiyo, na amweleze wakili.

Hatua ya tano: wakili na mkalimani

Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa kwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa puli mjini Panama City, Florida. Hakuwa na fedha, akaomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe na kufungwa. Akiwa gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu kwa penseli. Mwaka 1963 majaji wote tisa wakakubaliana naye: asiyeweza kumlipa wakili katika kesi ya feloni lazima apewe. Kesi yake ikasikilizwa upya, safari hii akiwa na wakili, na juri, yaani jopo la raia wanaoamua hatia, ikamwachia. Baadaye haki hiyo ikapanuliwa hadi kwenye makosa madogo pale mtu anapopewa kifungo.

Huyu wakili wa bure ndiye anayeitwa pablik difenda, na hapa lugha inatutega tena. Mkalimani mzembe anamwita "wakili wa serikali". Kwa Mtanzania, wakili wa serikali ni yule anayekushtaki! Nimeona watu wakimficha kila kitu wakili wao wenyewe kwa sababu ya tafsiri hiyo moja. Mimi husema "wakili wako wa utetezi, analipwa na umma, siri zako ni zake". Ana kesi nyingi mezani, huenda akakupa dakika kumi tu, lakini anawajua waendesha mashtaka na majaji wa kaunti hiyo kwa majina. Mwambie ukweli, na kabla ya kitu kingine mwambie hadhi yako ya uhamiaji.

Omba mkalimani hata kama Kiingereza chako cha kazini kinatosha, na useme ni Kiswahili cha wapi. Mkongo wa Bukavu akisema "bibi yangu" anamtaja mkewe. Mkalimani aliyekulia Dar es Salaam anasikia nyanya yake, na katika kesi ya kupiga mtu tofauti hiyo si ndogo. Msiposikilizana, inua mkono umwambie jaji papo hapo. Mtoto au jamaa asitafsiri, maana atapunguza makali ya maneno kwa mapenzi. Nami mkalimani usiniulize "unaonaje, nikubali?" Sina ruhusa ya kushauri.

Hatua ya sita: kusomewa mashtaka

Utasomewa mashtaka na kuulizwa jibu: nina hatia, sina hatia, au, mahakama zinazoruhusu, sipingi. Waumini wengi huhisi kusema "sina hatia" ni kusema uongo ikiwa tendo walilifanya. Si kiapo. Ni kuiambia serikali: thibitisha. Siku ya kwanza karibu kila wakili atakuambia ujibu hivyo, kwa kuwa bado hajauona ushahidi. Katika feloni, jaji hupima kwanza kama ushahidi unatosha kuendelea, au hufanya hivyo baraza kuu la raia kwa siri. Kwenye shirikisho baraza hilo lina watu 16 hadi 23, na wanahitajika 12 kukubali mashtaka. Tangu kesi ya Brady ya mwaka 1963, mwendesha mashtaka analazimika kuutoa hata ushahidi unaokusaidia wewe.

Usikose tarehe hata moja. Ukikosa, hati ya kukukamata inaweza kutolewa siku hiyohiyo, na "nilikuwa zamu" si udhuru.

Hatua ya saba: makubaliano, ambapo kesi nyingi huishia

Ile picha ya mawakili wakitamba mbele ya juri ni nadra. Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja mwaka 2012 kwamba asilimia 94 ya hatia za majimbo na 97 za shirikisho hutokana na watu kukiri. Unaambiwa: kiri kosa dogo upate miezi sita, au nenda kwenye juri ukahatarishe miaka minane. Ni biashara ya hofu, kwa maoni yangu, na hata asiye na kosa anaweza kuona bora akubali.

Siku ya kukiri jaji atakuuliza maswali mengi mfululizo: umeelewa, umelazimishwa, umeridhika na wakili, unajua unaziacha haki hizi? Hapo watu wetu huitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama wanaitikia dua. Kila ndiyo inarekodiwa, na kuifuta baadaye ni kazi kubwa. Kama hukuelewa, sema hukuelewa. Jaji atasimama.

Kwa asiye raia, hapa ndipo kwenye shimo. José Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras, alikuwa mkazi halali kwa zaidi ya miaka 40 na alipigana Vietnam upande wa Marekani. Alikamatwa Kentucky na bangi kwenye lori. Wakili wake akamwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, na kosa hilo likamfungulia njia ya kufukuzwa nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Kwa hiyo uulize, na ujibiwe kabla ya kutia saini.

Mitego miwili inajulikana sana kwa mawakili wa uhamiaji. Wa kwanza ni programu ya "kiri, kaa vizuri mwaka mmoja, tutafuta". Jimbo linafuta kweli, lakini ukishakiri na ukapewa sharti lolote la adhabu, uhamiaji bado unahesabu umetiwa hatiani. Wa pili ni namba 365. Wizi uliopewa kifungo cha mwaka mmoja, hata kama kimesimamishwa na hukulala jela usiku hata mmoja, unaingia kwenye kundi la makosa mazito zaidi ya uhamiaji. Ukimwona wakili anagombania siku 364, anajua anachokifanya.

Hatua ya nane: ukienda kwenye juri

Kwa feloni juri kwa kawaida ni raia 12, ingawa majimbo machache yanaruhusu sita. Hawa si wazee wa baraza wa kumshauri jaji. Wao ndio wanaoamua hatia, na tangu kesi ya Ramos ya mwaka 2020 lazima wote wakubaliane katika kosa kubwa. Wewe hulazimiki kutoa ushahidi, na mwendesha mashtaka haruhusiwi kuutumia ukimya wako huo dhidi yako. Wakikuachia, kesi hiyo imekwisha: jimbo haliwezi kukata rufaa dhidi ya kauli ya "hana hatia". Wakikutia hatiani, rufaa ya shirikisho inatakiwa kuarifiwa ndani ya siku 14, na majimbo yana muda wao, mara nyingi mfupi vilevile. Rufaa haisikilizi mashahidi upya, inatafuta makosa ya kisheria.

Hatua ya tisa: baada ya hukumu

Wengi hupewa probesheni, yaani kutumikia adhabu nje chini ya uangalizi. Ina masharti: kuripoti, kupimwa dawa, kulipa ada, kutovuka mpaka wa jimbo bila ruhusa. Dereva wa masafa marefu aliseme hilo kabla hajapangiwa, maana lori likivuka mpaka wa jimbo usiku mmoja tu bila kibali, hakimu anaweza kukigeuza kifungo cha nje kuwa cha ndani.

Kesi ikiisha kwa namna yoyote, nenda dirisha la karani wa mahakama uombe nakala iliyopigwa mhuri inayoonyesha ilivyoisha. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama mashtaka yalifutwa.

Mzee wa baiskeli ninamkumbuka kwenye dirisha hilo. Kamera ya duka ilionyesha kijana ndiye aliyepita taa nyekundu, na mwendesha mashtaka akaiondoa kesi. Karani alimpa karatasi yake, kisha kwa Kiingereza akamwambia anasikitika kwa usumbufu wote uliompata. Mzee akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Huyu naye amekiri?"